Miaka Yangu ya Kuifagia Australia

Vijana wangu wa Toronto, mmenitaka nieleze kazi niliyoifanya kabla ya kustaafu, nami nitaeleza, ila msije mkanilaumu. Wenzangu waliotangulia kuzungumza nanyi walikuwa manesi, wahasibu, madereva wa malori, na yule baba wa Malvern mwenye kampuni ya kusafisha mazulia. Hao wana mambo ya kuwafaa. Mimi nimefagia kinyesi cha kangaruu. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana bado kuna mengi.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Najua mnakielewa vizuri sana, hasa tunapowasengenya. Ni kujibu tu ndiko kunakowashinda. Basi leo hamtakiwi kujibu.

Bustani yenyewe msiitafute. Si ile kubwa mliyopelekwa na shule. Ilikuwa ndogo, ya mtu binafsi, mbele ya Malvern kule ambako nyumba zinaanza kuachana, na imeshafungwa siku nyingi. Nilikuwa natoka nyumbani Flemingdon Park na basi la kwanza, nabadilisha, nabadilisha tena, halafu natembea kwa miguu kipande kilichobaki huku upepo unanipiga usoni. Nilipofika nilikuwa nimeshachoka, na kazi bado haijaanza.

Kazi niliipata kwa sababu ya simba. Mwajiri aliposikia natoka Tanzania uso ulimng'aa, akasema basi wewe simba unawajua. Nikasema nawajua. Sikumdanganya, simba nilikuwa namwona karibu kila siku kwenye noti ya elfu mbili. Kwetu Singida ni kuku na alizeti, na mnyama mkali niliyewahi kupambana naye alikuwa jogoo wa jirani yetu. Nilipofika siku ya kwanza nikakuta simba wameshapewa kijana mmoja kutoka Poland, aliyewaogopa waziwazi, na mimi nikakabidhiwa Australia.

Australia nzima, jamani. Ndilo bara dogo kuliko yote duniani, kwa hiyo walilienezea kwenye banda moja la joto, uwanja wa nyasi wenye uzio, na kibanda cha emu kule nyuma. Bandani mlikuwa na mikaratusi imepandwa kwenye mapipa. Nyie hamjui, lakini ile miti tuliyokuwa tukijifukizia majani yake tukishikwa na mafua, asili yake ni huko. Siku ya kwanza nilipoisikia ile harufu nilisimama na ufagio wangu machozi yakanilengalenga. Nimesafiri mpaka Kanada, nikaenda kuikuta Singida ndani ya Australia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja anaitwa Gordon, mtu wa kangaruu toka ujana wake. Gordon alikuwa akisema maneno machache kwa siku, na mengi ya hayo aliwaambia kangaruu. Sasa sikilizeni. Nilipokuwa natafuta kazi, kuna dada mmoja alitupa semina pale North York. Alituambia wanawake wa Kiafrika tuache kuinamainama: ukiingia ofisini simama wima, mtazame mtu machoni, tabasamu. Mimi nimelelewa kumpigia goti mkubwa ninapomsalimia, kwa hiyo ile semina ilinigharimu, nilifanya mazoezi mbele ya kioo mpaka mgongo ukauma. Nikaingia kwa kangaruu dume nimesimama wima, namtazama machoni, natabasamu. Akajinyanyua juu ya mkia wake akawa mrefu kunipita.

Gordon akasema kwa upole, "Inama. Hapo unamwambia njoo tupigane."

Nikainama. Akaongeza, "Usimtazame. Sasa kohoa kidogo."

Nikapiga goti kwenye majani, macho chini, nikakohoa kama mkwe anayebisha hodi, na yule bwana akashuka, akarudi kula. Kumbe heshima za kwetu zilikuwa zinahitajika Kanada, ila walikuwa wamezipangia kangaruu.

Mengine niliyojifunza nawapa bure. Majani makavu ya kangaruu, kabla hujamwekea, yabane kwanza kwenye kiganja. Yakikuchoma wewe, yatamchoma yeye kwenye fizi, kidonda kitaingia uchafu, taya litavimba, na kangaruu aliyevimba taya ni kazi kubwa kumrudisha. Maji ya mvua yasisimame chini ya miguu yao, wao ni watu wa nchi kavu. Wombati, yule mnene mfupi anayechimba mashimo, mfuko wake wa mtoto umetazama nyuma, ili anapochimba asimjaze mwanawe udongo. Kinyesi chake kina pembe kama dadu za ludo. Hilo ndilo mtakalolikumbuka kati ya yote nitakayosema, nawajua.

Sasa niwaambie habari ya mume wangu, maana bila yeye kisa hiki hakiendi. Yusufu alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari. Alikuwa ameifundisha Australia mwaka hadi mwaka kwa chaki, mito yake, milima yake, jangwa lake, hajawahi kuona hata unyoya wake. Mimi nilikuwa naikanyaga kila siku kwa mabuti, na ungeniuliza mji mkuu wake nisingekujibu. Tulipofika hapa, vyeti vyake vikaambiwa visubiri. Vikasubiri. Mimi nikatangulia kupata kazi, na tulikuwa na mapacha wachanga, Kulwa na Doto, basi Yusufu akabaki nao nyumbani. Akawa anapika uji, anafua, anawapeleka kliniki na kigari cha watoto wawili kisichopita mlango wa lifti mpaka ukiinamishe.

Wanaume wetu mnawajua. Kwenye harusi, kwenye msiba, popote walipokutana: "Mwalimu, leo umetupikia nini?" Mmoja alikuwa anamwita Mama Kulwa, na wenzake wanakufa kwa kicheko. Yusufu alikuwa akitabasamu tu. Nikimuuliza tukirudi, anasema ni utani. Nami nikawa naona anazidi kuwa kimya, jioni anakaa dirishani anaangalia magari yanavyoteremka bondeni.

Halafu kaka yake akapiga simu kutoka Singida. Kumefunguliwa shule ya binafsi, wanataka mwalimu wa jiografia, nafasi anamshikia. Yusufu akaniambia akiwa anakunja nepi, sauti ya kawaida kabisa. Atakwenda mwisho wa mwezi wa pili. Mimi nibaki na watoto, mama mmoja wa ghorofa ya tano atatusaidia kuwaangalia, na yeye akishatulia tutaona. Nikamwuliza tutaona nini. Akasema tutaona.

Nyie mmeona wangapi walioambiwa tutaona? Mimi niliwaona wengi. Mume anarudi kujipanga, simu zinapungua, mwisho mnabaki kutumiana salamu za Idi. Nilikuwa nampenda yule mwanaume, na niliogopa sana. Nikiwa nafagia nilikuwa natunga maneno ya kumzuia, nikifika nyumbani nanuka kangaruu, nayasahau yote, nasema, "Watoto wamekula?"

Ndipo Henry akaugua.

Henry alikuwa emu, ndege mrefu wa Australia asiyeruka, anayefanana na mbuni. Walikuwa wawili, yeye na Walter, walioletwa kiangazi kile kutoka kwenye shamba lililokuwa linafungwa. Wenyewe walitukabidhi wakasema ni madume, ndugu wa tumbo moja, wakaondoka. Emu dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho, nasi hatukuwa na sababu ya kubisha. Bosi wetu, Linda, mwanamke mwema, alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka kwenye samaki. Gordon naye ndege hakuwahesabu, aliwaita kuku warefu. Walter alikuwa na tabia ya kutoa mlio mzito kifuani kama mtu anayepiga pipa tupu. Tukakubaliana ana gesi tumboni, akapunguziwa chakula.

Mwezi wa kwanza, baridi ile ya kukatika masikio, Henry akalala chini kibandani na hakuinuka. Nikimwekea chakula, hali. Maji anaonja au haonji. Theluji ilikuwa inaingizwa na upepo, inamkalia mgongoni, naye ametulia, shingo amenyoosha chini. Linda akaangalia, akasikitika, akamwita daktari wa wanyama. Daktari akasema kesho asubuhi tutamkamata kwa wavu, tumchome sindano, tumpeleke jengo la matibabu. Kama ni miguu, akasema, tujiandae kwa lolote.

Nilifika nyumbani nimenyong'onyea. Yusufu alikuwa na Doto mapajani anamlisha. Safari hii sikuuliza kama watoto wamekula, kijiko nilikuwa nakiona. Nikasema, ndege wangu mmoja wa Australia anakufa, ameacha kula, hainuki. Halafu, sijui kwa nini, nikamuuliza, "Kule kwao sasa hivi ni majira gani?"

Kijiko kikasimama hewani. "Kwao upande gani?"

"Kwani kuna pande?"

Jamani. Nilikuwa nimesahau sauti ile. Akaniambia bara lile ni dogo kuliko mengine lakini si dogo kama mnavyodhani, na watu wamejipanga pembeni pembeni kwenye pwani kwa sababu katikati ni ukame mtupu. Kaskazini mvua zinanyesha wakati wa joto. Kusini mvua zinakuja na baridi, kiangazi ni moto wa kuunguza nyasi. Sasa hivi, akasema, kwao ni joto kali.

"Huyo ndege ni wa ukame?"

"Wa ukame."

"Basi hawezi kuzaa kiangazi, watoto watakula nini? Atazaa baridi, mvua inapokuja. Huku baridi ni sasa. Zainabu, huyo si mgonjwa. Anaatamia mayai."

Nikamwambia haiwezekani, wote ni madume.

"Nani aliyewaangalia?"

Hakuna, tulichukua tu maneno ya waliotuletea. Hapa Toronto kila mtu anajua ndege hutaga miti ikichipua, hata bata wa mtoni wanajua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshazoea kalenda ya hawa bata. Tukawa watu wazima watatu, tumesimama mbele ya ndege aliyekaa juu ya kiota, tunamtafutia ugonjwa.

Asubuhi nilifika kabla ya daktari. Linda aliponisikia alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema haya, tuone. Gordon alisimama mbele na ubao, maana emu akikupiga teke utalikumbuka. Mimi nikapita nyuma. Hiki hakufundishwa mtu yeyote Kanada, hiki ni cha Singida: mkono unapitisha kwa nyuma, polepole, kiganja juu, huku unaongea na mwenye nyumba. Kuku au emu, chini ya tumbo ni kule kule. Nikakuta joto. Nikakuta yai, na jingine, na jingine. Nilipolivuta moja nje lilikuwa la kijani kibichi, limeiva rangi kama parachichi, kubwa hata mkono mmoja haulikamati vizuri. Gordon alilitazama akasema, "Walter." Kumbe ule mlio wa pipa ni wa jike.

Daktari alifika na wavu wake akakuta tunamrudishia Walter chakula. Kwa emu, baba ndiye anayeatamia, karibu miezi miwili, hali kitu, na mama anaendelea na mizunguko yake. Wale vifaranga walitoka, wana mistari kama nguo za kulalia, na Henry aliwalea peke yake akamfukuza Walter kila aliposogea. Lakini hayo ni ya baadaye.

Linda akaniuliza nani aliyenieleza. Nikasema mume wangu. Akauliza, ni mtaalamu wa ndege? Nikasema hapana, ni mwalimu wa jiografia, kwa sasa analea. Akasema mlete Jumamosi aone alichokiokoa.

Basi nikapanga mambo yangu. Nilijiambia Mungu mwenyewe kaniletea mfano. Baba anayelea, kwenye theluji, hana aibu, hali chakula. Nimwonyeshe Yusufu yule ndege, nimwambie maneno mawili matatu, atie akilini, tiketi airudishe. Kwenye basi niliyakariri yale maneno kimoyomoyo, huku kigari cha mapacha kimeziba njia na kila abiria anatutazama vibaya.

Akasimama mbele ya uzio muda mrefu, mkono kwenye kigari. Henry alikuwa amekaa vilevile.

"Hajala toka lini?"

"Toka alipoanza. Hatakula mpaka waanguliwe."

"Na mama yao?"

Nikamwonyesha Walter, aliyekuwa upande wa pili anadonoa uzio.

"Anaonekana ana afya," akasema.

Nikaona hapo hapo ndipo pa kuanzia. Nikakohoa kidogo, nikaanza, "Unaona, Yusufu, hata kwenye viumbe vya Mungu, baba akikaa na..."

"Zainabu. Umenitoa Flemingdon na watoto, baridi yote hii, nije kufundishwa na ndege?"

Nikainamia kigari, nikawafunika watoto vizuri.

"Kulea wanangu hakujawahi kunisumbua hata siku moja. Na hao wanaonicheka, mimi nimefundisha kidato cha pili, nimeshachekwa na mabingwa." Alikuwa anasema bila hasira, anamtazama Henry. "Ninachokifuata Singida ni mtu wa kuniuliza kitu. Toka tumeingia nchi hii unaniuliza watoto wamekula, na taka nimetoa. Siku ile uliponiuliza kwao ni majira gani, sikupata usingizi."

Mngetegemea nilie, au nimwombe radhi. Mimi nilipandwa na hasira. "Na wewe umewahi kuniuliza nini? Naingia mlangoni nimetoka kupigana na wombati, unaniambia chakula kiko jikoni."

Akageuka akanitazama. "Nilidhani hutaki kuizungumzia. Kazi ya kufagia."

"Nani kakwambia sitaki?"

Kulwa akavua glavu akaitupa kwenye theluji, nikaiokota, akaitupa tena. Ndipo Gordon akapita na ndoo zake. Akaziweka chini, akampa Yusufu mkono, akamuuliza kitu ambacho nadhani alikaa nacho miaka yake yote ya kazi: hawa wenye mifuko, kwa nini wako kule tu?

Yusufu akaniomba ufagio. Akaugeuza, akachora kwa mti wake kwenye theluji: mabara ya kusini yalivyokuwa yameshikana, yalivyoachana, Australia ilivyobaki peke yake katikati ya maji na wanyama wake. Gordon akasema lakini mnyama mmoja mwenye mfuko, saizi ya paka, yuko hapa hapa Toronto, anapindua mapipa yake ya taka kila usiku. Yusufu akafurahi kama amepewa zawadi. Akaongeza Amerika ya Kusini kwenye mchoro, akamwonyesha huyo wa mapipa alivyopanda kaskazini kutoka huko. Familia moja iliyokuwa inapita na watoto ikasimama kusikiliza, mtoto akauliza swali, akajibiwa, mwingine akauliza. Kiingereza cha Yusufu ni cha darasani, kinatembea taratibu, na wote walimngoja.

Nilikuwa nimemshikia kigari. Miguu ilikufa ganzi kwa baridi. Nilikuwa sijamwona mume wangu toka Singida.

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza kwa nini katikati ya bara lile hakunyeshi. Sikuuliza kwa hila, nilitaka kujua, nilikuwa nimelifagia bara zima bila kujua. Akanieleza milima ya mashariki inavyozizuia mvua zinazotoka baharini. Naye akaniuliza wombati anapigana vipi. Nikamwambia anatangulia kukuonyesha makalio, maana huko nyuma ana ngozi ngumu. Alicheka mpaka Doto akaamka. Tulipofika Flemingdon alikuwa bado hajamaliza jangwa la magharibi.

Jioni ile alimpigia kaka yake. Nilikuwa jikoni, nikamsikia anasalimia, anauliza hali ya mama, anauliza mvua, nikawa nasugua sufuria moja ile ile. Kisha akasema ile shule itafute mtu mwingine. Kaka yake sikumsikia alichojibu. Nilikwenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia mpaka nikaridhika.

Nilipotoka alikuwa ameketi mezani na mapacha wote wawili mapajani. Nikasimama mlangoni sijui nianzie wapi. Nikamuuliza kile kisiwa kilicho kule chini kabisa, kusini, Tasmania, kina baridi kama yetu?

Akaniambia, "Vuta kiti."